Macho Hayana Pazia, Lakini Yana Adabu

Kila mwaka, siku chache baada ya tarehe 9 Desemba, bendera za Uhuru zikiwa bado hazijashushwa kwenye maduka, naomba ruhusa ya siku moja kazini na kwenda Kariakoo kutonunua kitu. Mume wangu akiniuliza jioni nimeleta nini, namwambia nimeleta miguu inayouma. Anacheka. Mwache acheke. Siku hiyo naipenda kuliko Krismasi yenyewe.

Kutazama zawadi ni starehe halali. Haina kiingilio wala haikuachii deni. Lakini nimeona watu wakiiharibu kwa haraka, kwa uongo na kwa mashindano, kisha wanarudi nyumbani na mifuko mizito na nyuso zilizokunjamana. Kwa ajili yao nimeandika sheria hizi. Sikuombi uzijadili. Zisome, uzifuate.

MAMBO YA KUFANYA

1. Anza na watu, vitu vifuate.

Kabla ya kutoka nyumbani, keti uandike majina. Mbele ya kila jina usiandike kitu cha kununua. Andika neno ambalo mtu huyo alilisema mwaka huu bila kujua kwamba unamsikiliza. Daftari langu la mwaka huu lina mistari hii: “Mama mdogo: chupa yake ya chai haitunzi moto, saa nne chai imeshakuwa maji.” “Babu: redio ameifunga kwa mpira wa baiskeli.” “Wifi: alificha mkoba chini ya benchi kanisani.” Hakuna hata mmoja aliyeniomba kitu. Aliyekuomba unamtimizia haja, na hilo ni jema. Asiyekuomba ukamletea alichokikosa, atajua kwamba mwezi wa nne alipokuwa akilalamika peke yake jikoni, ulikuwapo.

Ukiingia sokoni bila majina, kila kitu kitakuita, na utaitika.

2. Nenda mara mbili: siku ya macho na siku ya pesa.

Siku ya macho, beba nauli, pesa ya maji na pesa ya chakula. Basi. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Wapagazi wale, wengi wao, walibebeshwa kwa nguvu. Sasa wewe, mtu huru, unanunua ndoo ya plastiki saa tatu asubuhi kwa sababu imekupendeza, kisha unazunguka nayo mpaka saa tisa ukigonga watu magoti. Nani amekulazimisha? Mikono mitupu huona zaidi.

3. Usiwe mteja wa kwanza.

Muuzaji aliyefungua sasa hivi anasubiri mtu wa kumfungulia biashara. Ukija wewe, ukapekua, ukashukuru, ukaondoka, ataona umemfungulia siku kwa mkono mtupu. Amini usiamini, heshimu. Fika saa nne, akiwa ameshauza mbili tatu na uso umemkunjuka. Na mkoba wako ukae mbele, tumboni. Vibaka nao wana sikukuu.

4. Salimia kabla ya kugusa, na useme kweli.

“Habari za kazi? Leo naangalia tu, nitarudi wiki ijayo.” Maneno hayo hayajawahi kunifungia mlango. Jibu nimelizoea: “Kuangalia bure, mama. Hata kushika bure.” Muuzaji ukimwambia kweli, anapumzika. Haachi kazi yake, ila anaacha kukusukuma.

Kuna mzee wa khanga Mtaa wa Uhuru ambaye nilimsalimia hivyo mwaka jana. Aliniwekea kigoda. Akachomoa doti moja katikati ya rundo bila kuliangusha, akashika ncha mbili, akaikung’uta mara moja tu. Khanga ikafunguka kwa mlio kama wa tanga linaloshika upepo, ile harufu ya kitambaa kipya kisichoona maji ikanijaa puani. Akanifungulia doti nyingine, na nyingine, vipande viwili viwili vikiwa bado havijakatwa, mpaka tukawa tumezungukwa na rangi pande zote. Hakuniuliza hata mara moja nitachukua ipi. Nilikaa pale robo saa nzima kama mfalme, na sikulipa senti. Wiki iliyofuata nilirudi nikanunua doti nne kwake, na nilipita maduka sita bila kugeuza shingo.

5. Soma jina la khanga mpaka nukta ya mwisho.

Khanga ina pindo, ina mji, ina jina. Wengi mnatazama pindo na mji, jina mnaliona kama pambo. Jina ndilo barua. Ukimpa mtu khanga umemwandikia, na barua usiyoisoma usiipeleke.

Nasema kwa uchungu. Krismasi yangu ya kwanza kama mke, nilimnunulia mama mkwe wangu aliyeko Rombo doti nzuri ya rangi ya damu ya mzee. Niliinunua jioni, mbio mbio, taa zikiwaka, nikaikunja. Siku ya sikukuu, ndafu imeshakatwa na watu wamejaa sebuleni, mama akavaa miwani, akaitandaza mapajani, akasoma kwa sauti ya kanisani: “Hasidi hana sababu.” Wifi zangu watatu wakatazama sakafu. Mtu mmoja akakohoa. Mama akaikunja kwa kufuata mikunjo ileile niliyoikunja mimi, akasema, “Asante mwanangu. Ujumbe nimeupata.” Niliapa sikusoma. Aliniitikia kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi.

Soma. Kama taa ni hafifu, toka nayo nje, juani. Kama macho yamechoka, mwambie muuzaji akusomee. Wauza khanga wengi wanayajua majina kuliko bei.

6. Gusa, fungua, pima.

Chupa ya chai yenye kioo ndani, fungua kifuniko, ielekeze kwenye mwanga, utazame shingoni: kioo king’ae kama fedha mpaka chini. Kisha itikise karibu na sikio. Ukisikia mchakacho kama mchanga, irudishe kwa adabu, kioo kimeshavunjika. Tazama na mpira wa kifuniko. Zipu ya mkoba ivute mara tatu. Ya kwanza hata zipu mbovu hukubali. Redio iwekewe betri hapohapo uisikie ikiongea, maana risiti nyingi zina sentensi moja chini kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Mwaka huu, kwa ajili ya mama mdogo, nilikwenda mbali zaidi. Nilimwomba mwenye duka ruhusa, nikanunua maji yanayochemka kwa mama lishe wa kichochoroni, tukayamimina kwenye chupa, tukaifunga, nikamwachia palepale kaunta. Nikazunguka Mtaa wa Kongo na Msimbazi. Niliporudi baada ya saa mbili, yeye mwenyewe alikuwa na shauku kuliko mimi. Akafungua kizibo, mvuke ukampiga miwani ikafifia yote. Tulicheka kama tuliotengeneza chupa ile sisi.

7. Andika bei, mtaa na alama.

“Pale kwa yule kaka mwenye kofia” si anwani. Kesho kofia ataivaa mwingine. Andika: Narung’ombe, fremu ya tatu baada ya duka la dawa, ghorofa ya chini. Kariakoo ina mtaa uitwao Sikukuu. Jina lisikudanganye ukafikiri zawadi zote zimejipanga huko.

8. Tazama na yasiyouzwa.

Inua macho. Jengo la soko kuu lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake limekaa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini ili kukinga mvua. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wengi walipoteza mali zao mle. Ukiwakuta wakiuza, wape salamu.

Watazame na wanunuzi. Mwaka jana nilimwona baba mmoja, mtu mzima, fulana ya kazi imejaa saruji, anachagua gauni. Hakujua saizi ya mkewe. Akanyoosha mikono mbele yake, akaikunja polepole kama anayekumbatia hewa, akaiacha hapohapo, akamwambia muuzaji, “Ni hivi.” Muuzaji akaleta futi kamba, akapima ile hewa. Mimi na wanawake wengine wawili tulisimama tukajifanya tunatazama soksi.

9. Kumbuka safari.

Kitu kizuri dukani kinaweza kuwa adhabu ndani ya basi. Jiulize kama kitaingia kwenye shangazi kaja, kama kitavumilia kuwekwa chini ya gunia la mtu mwingine, kama utakipandisha mlimani kwa mkono. Na njoo na kikapu chako; mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, usijifanye umesahau.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usitaje bei kama huna nia.

Hii ndiyo sheria kubwa kuliko zote, na ndiyo inayovunjwa zaidi. Kuuliza bei ni ruhusa. Kutaja bei ni ahadi. Muuzaji amekuambia mkoba ni elfu arobaini. Ukasema, “Ishirini na tano.” Akalalamika, akakuonyesha mshono, akashuka thelathini na tano. Wewe ukang’ang’ana, ukamwita kaka, ukamkumbusha kwamba ni sikukuu. Mwisho akakuna kichwa: “Haya, lete hiyo ishirini na tano, niungishe.” Na wewe unasema, “Nitarudi.”

Hutarudi, na yeye anajua. Umemla nusu saa, umemvua faida yake mbele ya wateja wengine, umemwachia jirani yake akimcheka. Siku ya macho ulimi ubaki mdomoni. Ukiisha kutaja bei nayo ikakubaliwa, toa pesa, hata kama mvua imeanza kunyesha na umegundua hupendi rangi.

2. Usimtume kijana stoo kwa udadisi.

Stoo nyingi ziko ghorofa ya nne, na lifti, kama ipo, imekufa. Kijana amepanda ngazi akashuka na viatu namba thelathini na nane kwa sababu ulitaka “kuona tu”. Umeona jasho lake?

3. Usipige picha kabla ya kuomba.

Na ukiruhusiwa, usiirushe kwenye kundi la familia na swali “Hii vipi?” Watajibu kumi na mmoja, kila mmoja na lake, na mwenye zawadi yumo humo kundini.

4. Usitazame kwa simu peke yake.

Sikatazi simu. Usiku, watoto wamelala, kupitia kurasa za maduka ya Instagram ni raha yake. Lakini simu haina harufu wala uzito. Gauni lililoonekana la binti wa miaka kumi linakuja la mwanasesere. Na huyu anayeuza, ukimuuliza bei, anakuambia, “Njoo DM.” Bei ni siri ya ndoa? Aliyeficha bei anataka kwanza akujue wewe ni nani ndipo aipange. Pesa usimtumie mtu ambaye hata duka lake hulijui lilipo.

5. Usiinunulie nyumba ukasema umemnunulia mtu.

Sufuria tano za kupanga si zawadi ya mke. Ni zawadi ya tumbo lako. Pasi si zawadi ya mke. Ni zawadi ya mashati yako. Najua utaniuliza: na ile chupa ya chai ya mama mdogo? Swali zuri. Mama mdogo anaamka saa kumi na moja alfajiri kuchemsha chai ya watu wote, na yeye hupata nafasi ya kuketi kuinywa saa nne. Chai inayopoa ni ya kwake peke yake. Kabla hujanunua chombo cha nyumba, ujue kwanza ni nani anaumia kwa kukikosa.

6. Usishindane.

Desemba watu wanapanda kwao Kilimanjaro na magari yaliyooshwa, na kila mmoja anatazama shemeji ameshusha nini kwenye buti. Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mpaka leo hawajakosolewa. Januari shule zinafunguliwa. Ada, sare, madaftari, viatu. Toa pesa hizo kwanza, ziweke mahali ambapo mkono haufiki, ndipo uhesabu iliyobaki. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada, hakuna atakayekumbuka kwamba blanketi la babu lilikuwa zito kuliko la fulani.

7. Usitume pesa kimya kimya.

Pesa ni zawadi nzuri, asikudanganye mtu. Shangazi anayedaiwa dukani hana haja ya kitenge. Lakini usimrushie kwenye simu kama unayelipa umeme. Mpigie. Msalimie mpaka salamu ziishe. Mwambie hii ni ya sikukuu, na ni ya kwako wewe, usiigawe. Na uweke na ya kutolea. Anayetuma elfu hamsini bila ya kutolea ametuma elfu hamsini kasoro.

8. Usiwasahau walio karibu.

Umeandika majina ya watu walioko kilomita mia tano, na dada wa kazi anayelala chumba cha pili hayumo. Mlinzi hayumo. Fundi aliyekuja usiku kuziba bomba hayumo. Dada wa kazi hapewi gauni lako lililokubana likiwa limefungwa kwenye karatasi inayong’aa. Ulishampa mwezi wa sita.

9. Usiache kibandiko cha bei.

Wala usikibandue ukabandika kikubwa zaidi. Nimeona.

10. Usisahau kwamba na wewe unatafutiwa.

Krismasi iliyopita ilikuwa ya tisa tangu ile ya hasidi. Katika miaka yote hiyo nilikuwa nampelekea mama mkwe sukari, majani ya chai, miche ya sabuni, sweta, blanketi. Khanga sikuthubutu. Naye hakuligusia jambo lile hata siku moja, ila doti ile ya damu ya mzee sikuwahi kumwona ameivaa.

Tulipomaliza kula aliniita chumbani kwake. Akatoa kitu kimefungwa kwa gazeti, akaniwekea mikononi, akakaa kitandani kusubiri. Ilikuwa doti ya khanga, kijani na nyeupe, haijakatwa. Nikaona jinsi anavyonitazama, nikajua la kufanya. Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Nikasoma kwa sauti: “Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.”

Baadaye, tukiosha vyombo, wifi yangu mkubwa alinieleza. Mama alishuka Moshi mjini siku mbili mfululizo, na magoti yake yale, akazunguka Mbuyuni duka kwa duka. Alikuwa anaketi kwenye kigoda, miwani imegoma, anawaambia vijana wamsomee majina. Walimwonyesha yenye maua mazuri kuliko hii. Walimwonyesha za bei nafuu. Akawa anazirudisha moja moja na kusema, “Si hii.” Siku ya pili jioni ndipo kijana mmoja akasoma, naye akamwambia, “Rudia.” Akarudia. “Funga hiyo.”

Niliipeleka kwa fundi cherehani tarehe 27, akaikata na kuipinda. Nilirudi Dar nimejifunga kipande kimoja, na cha pili nilimwachia mama.